Masharti Mapya kwa Mama Povu

Dumu la petroli lilikuwa limejaa.

Inspekta alilinyanyua, likamvuta bega, akalirudisha pale pale kwenye duara jeupe lililobaki sakafuni katikati ya masizi. Mfuniko ulikuwa umekazwa. Plastiki ilikuwa imebabuka upande mmoja tu. Hili ndilo lililoandikwa kwenye jalada kama kielelezo cha kwanza, ndilo lililomlaza mwanamke mahabusu, na katika askari wote waliopita humu hakuna aliyejisumbua kulinyanyua.

"Lilikuwa la nini hili?"

"La jenereta, afande," alijibu mpiga pasi wa duka, msichana mrefu aliyesimama mlangoni kwa sababu hakutaka kuingia. "Mama Povu hapendi umeme ukatike mashine zikiwa na nguo za watu tumboni."

"Na mlilijaza lini?"

"Mchana wa siku ile ile."

Inspekta aligeuka kumtazama. "Mtu anayechoma duka kwa petroli, mdogo wangu, kwa kawaida huitumia hiyo petroli."

Duka lilikuwa la kufulia nguo kwa mashine, moja kati ya mengi yanayobeba jina na rangi za Kampuni. Mashine zilikuwa za Mama Povu, wafanyakazi wake, pango lake, hasara yake. Jina la juu ya mlango tu ndilo lilikuwa la Kampuni, na kwa kulitumia alilipa ada kila mwezi. Mkataba wake wa jina ulikuwa ukingoni mwa kuisha duka lilipoungua usiku, na ndani yake akafa mlinzi, ambaye alikuwa mjomba wake mwenyewe. Asubuhi yake Meneja wa kanda wa Kampuni alifika kituoni bila kuitwa na kueleza mambo mawili. La kwanza, kwamba Mama Povu alimfokea mbele ya wateja kuhusu mkataba mpya na kusema bora duka liteketee. La pili, kwamba chumba cha nyuma huwa na dumu la petroli. Mkuu wa kituo akapokea kesi hiyo kama mtu anavyopokea shati lililokwisha kunyooshwa. Alitaka jalada liende kwa mwendesha mashtaka leo kabla ya ofisi kufungwa.

Inspekta alirudi chumba cha kukunjia, katikati ya duka. Hapa dari lilikuwa limetoboka. Vigae vilikuwa vimepasuka chini ya kitu kimoja tu: toroli la kubebea nguo, turubai yake yote imekwenda, mabomba yake yamejikunja kama miguu ya mdudu aliyekufa. Bonge la kitambaa lilikuwa limelala ndani ya mabomba hayo. Alivaa glovu, akapiga magoti, akalipasua kwa mikono miwili.

Pembeni kabisa, lilikuwa na rangi ya mchanga. Ndani zaidi, kahawia. Katikati lilikuwa jeusi tii, likamwagika kama unga wa mkaa.

"Njoo uone," alisema.

"Sitaki, afande."

"Njoo. Sikukamati."

Mpiga pasi alikuja kwa vidole vya miguu. Inspekta alimwonyesha. "Moto ukitoka nje, unaanza kula ganda. Huu umeanza na kiini, ukatoka nje. Hizi zilikuwa nguo gani?"

"Taulo. Za kituo cha masaji. Zilikuja jioni, za mwisho. Mimi ndiye niliyezikunja."

"Zikiwa baridi?"

"Zikiwa moto. Zinauma vidole. Zamani mashine ya kukaushia ilikuwa inazungusha nguo mwishoni bila joto, mpaka zipoe, ndiyo unatoa. Fundi wa Kampuni alikuja akakiondoa kile kipande cha kupoza. Akasema sasa ni nguo ndani ya saa moja, ndiyo sharti jipya. Ukichelewesha, mkaguzi anakukata alama."

"Na sabuni?"

Msichana alishangaa. "Umejuaje kama sabuni nayo ilibadilishwa?"

"Sijui. Nakuuliza. Taulo za masaji zina mafuta. Zilikuwa zinatakata?"

"Zamani, kwa maji ya moto na sabuni yetu, ndiyo. Hii ya Kampuni ni ya maji baridi. Taulo inatoka inanukia maua, lakini ukiishika inateleza." Alianza kulia bila sauti. "Afande, ni mimi nimemuua babu wa watu?"

"Aliyekuamuru ukunje ana jina na cheo," Inspekta alisema, akasimama akijipangusa magoti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Wewe ulikuwa unakatwa alama. Funga mlango, asiingie mtu."

*

Chumba cha mahabusu cha wanawake kilikuwa na benchi moja. Mama Povu hakulikalia. Alikuwa amesimama, mwanamke mnene wa makamo, mikono imefura na kukwajuka kwa miaka ya sabuni, na alipomwona Inspekta alianza yeye.

"Umekuja kuniuliza tena kama nilisema liteketee? Nilisema. Andika. Nilisema kwa sauti, na yule Meneja mwenye suti ya kumeta kama chuma alikuwa karibu nami kama ulivyo wewe. Ungesikia aliyoniambia, wewe ungesema zaidi."

"Ndiyo nataka niyasikie."

"Jana mwenzako alinambia niende moja kwa moja kwenye habari ya moto."

"Mwenzangu hakuuliza. Mimi nauliza, dada. Anzia kwenye mkataba."

Mama Povu alimkagua juu mpaka chini, kama anayetafuta doa kwenye shati la mteja mkorofi.

"Mkataba wa kwanza nilisaini nikiwa na mashine mbili," alisema. "Ulisema ukiisha, nina haki ya kuongezewa. Haki. Mimi nikajua kuongezewa ni kuongezewa. Unaendelea ulipoishia, si ndivyo? Mwaka wa mwisho anakuja Meneja na jalada jipya, zito, linataka kitoroli. Namuuliza, hiki nini? Ananionyesha mstari kwenye ule wa zamani: haki ya kuongezewa, kwa mkataba utakaokuwa unatumika wakati huo. Wakati huo! Miaka yote mstari umekaa unanisubiri."

"Na huo wa wakati huo ulikuwa na nini?"

"Kila kitu. Ada ya jina imepanda. Mchango wa matangazo, ambao zamani haukuwepo kabisa, sasa upo, na tangazo lenyewe sijaliona popote. Nivunje duka nilijenge upya kwa rangi mpya, kwa fundi wao. Sabuni ninunue kwao tu. Eneo langu, lile la mpaka sokoni ambalo hawaruhusiwi kumpa mtu mwingine, limekatwa, limebaki barazani kwangu. Wanaweza kufungua tawi lingine ng'ambo ya barabara, nikawa namwangalia mwenzangu anavyoninyang'anya wateja."

"Ungekataa."

"Nikatae niende wapi?" Alipiga ukuta kwa kiganja. "Nikikataa, mkataba wa zamani unanikataza kufua nguo ya mtu kwa malipo hapa jirani kwa muda mrefu tu. Mimi! Niliyefua kabla hawajawa na jina. Kufua ndiyo kazi ninayoijua."

Inspekta hakuandika chochote. Alisubiri mpaka pumzi ya mwanamke yule ikatulia.

"Masharti mapya yalianza lini kutumika? Maana hujasaini bado."

"Hapo ndipo walipoonyesha ujanja. Wanaita muda wa matazamio. Kabla ya kuongezewa, ufanye kazi kwa masharti mapya, wakuone kama unafaa. Sabuni mpya, saa moja, hakuna kupoza. Ukikosea, umevunja mkataba, na aliyevunja hana haki ya kuongezewa. Nilimpigia Meneja simu. Nikamwambia taulo za masaji hazitakati, zinatoka na mafuta, na zina joto hata baada ya kufunga duka ukitia mkono katikati. Unajua alinijibu nini?"

"Alikujibu nini?"

"Fuata utaratibu, mama, au usisaini."

"Hakuuliza swali lolote? Joto kiasi gani, kwa muda gani?"

Mama Povu alifikiri. "Hapana. Alinyamaza kwanza. Nikadhani simu imekatika. Ndipo akasema hivyo."

Inspekta alienda mlangoni, kisha akarudi. "Mjomba wako alikuwa analinda nje. Alifuata nini ndani?"

Kwa mara ya kwanza sauti ya Mama Povu ilishuka. "Alikuwa na funguo. Atakuwa aliona moshi, akaingia kuzima. Yeye ndiye aliyenilea, afande. Na sasa ndugu wote wako nyumbani kwangu wanangoja mwili, na shangazi yangu amesema nisiletwe msibani, hata kwa pingu. Wanasema nimemchoma. Kunifunga, nifungeni. Lakini siwezi kukubali azikwe na watu wanaoamini hivyo."

*

Kampuni ilikuwa na tawi lingine upande wa pili wa mji. Mwenye tawi, bwana mwenye kitambi na fulana ya rangi za Kampuni, alimkaribisha Inspekta kwa tabasamu la kumpokea mteja, lililozimika alipoona kitambulisho.

Ukutani bango kubwa lilisema NGUO NDANI YA SAA MOJA. Inspekta alilisoma, akapita kaunta bila ruhusa, akapita mashine, akatokea uani. Kamba zilikuwa zimevutwa toka ukuta hadi ukuta. Taulo nyeupe zilikuwa zimeanikwa moja moja, zimeachiana nafasi, zote kavu.

Alishika moja. Ikateleza.

"Hizi zimeshakaushwa kwenye mashine," alisema. "Zinafanya nini kwenye kamba?"

"Zinapunga hewa."

"Kwa sharti gani? Nimesoma masharti yenu mapya njiani. Hakuna kamba humo. Kuna alama za kukatwa kwa atakayeanika."

Bwana alitazama nyuma, akafunga mlango wa uani. "Dada, mimi mkataba wangu unaisha hivi karibuni. Niko kwenye matazamio."

"Nimekuuliza kuhusu taulo."

"Na mimi nimekujibu kuhusu taulo."

Inspekta alitembea taratibu kandokando ya ukuta. Rangi ilikuwa ya krimu kila mahali, imechujuka, isipokuwa kwenye kona moja ambapo ilikuwa mpya mpaka inang'aa. Alitoa funguo za gari, akakwangua. Chini ya krimu kulikuwa kweusi.

"Nani alipaka hapa?"

"Dada yangu, nina watoto."

"Yule bibi aliye mahabusu naye ana ndugu. Nani?"

Mwenye tawi alijifuta uso kwa fulana. "Taulo zilishika moshi. Mchana, kwa bahati, tukazitoa na kuzimwagia maji. Meneja alikuja na mafundi wa rangi hatujamaliza kukohoa. Akasema tuzianike taulo za mafuta, zipoe, lakini tusiandike popote na tusimwambie mtu. Ukiandika, anasema, masharti yatabidi yabadilishwe kwa matawi yote, na makao makuu hawataki kusikia."

"Akuambie wewe uanike, halafu yule mama amwambie afuate utaratibu."

"Mimi nilikuwa nimeshaungua. Yeye alikuwa bado."

Inspekta alitoa kalamu na karatasi ya maelezo, akaviweka juu ya ngazi ya uani. Bwana alivitazama kama vile navyo vilikuwa vinatoa moshi.

"Siandiki," alisema. "Nipigeni, nifungeni. Nikisaini hiyo, ule mkataba wangu sitausaini kamwe. Na sitafua tena."

Inspekta aliiokota karatasi yake. Alipotoka aliubamiza mlango wa mbele hata bango la saa moja likaning'inia kwa msumari mmoja. Halikuwa tendo la kipolisi, lakini hakuna aliyetaka kulilalamikia. Akapitia duka la vitambaa la jirani kabla ya kurudi kituoni.

*

"Binti, una nusu saa," alisema Mkuu wa kituo. "Baada ya hapo jalada linaondoka."

"Kaa na wewe, afande. Nahitaji shahidi."

Meneja wa kanda alikuwa ameketi chumba cha mahojiano akiwa na suti ya kijivu inayometa na mkoba magotini. Aliomba kujua kama itachukua muda. Inspekta alimwambia hapana. Kisha akafungua mlango, na askari wawili wakaingia wakisukuma toroli la turubai lililojaa taulo nyeupe, zimekunjwa, zimepangwa na kushindiliwa mpaka juu. Wakaliegesha ubavuni mwa kiti chake, kati yake na mlango, wakatoka.

"Usijali hizo," Inspekta alisema akivuta kiti. "Ni taulo za masaji, nimetoka nazo tawi lenu la upande wa pili. Zimetoka kwenye mashine sasa hivi, sabuni yenu, saa moja yenu. Nimeona nizifanye kielelezo cha ubora. Tuendelee. Nieleze kuhusu kuongeza mkataba."

Macho ya Meneja yalienda kwenye toroli, yakarudi. "Kuhuisha, tunaita. Watu wanachanganya. Kuhuisha si kuendelea, Inspekta. Biashara inakua, sheria zinabadilika, gharama zinapanda. Anayehuisha anaingia kwenye mkataba wa leo, si wa juzi. Imeandikwa wazi."

"Kwa herufi kubwa?"

"Kwa herufi zinazosomeka."

Mkuu wa kituo alicheka kidogo. Inspekta hakucheka.

"Ada ikapanda, eneo likakatwa."

"Alikuwa huru kutosaini."

"Na huru kutofua." Alifunua ukurasa wa mkataba polepole. "Sharti la kutopoza nguo. Nani alilitunga?"

"Makao makuu." Meneja alisogeza kiti. Miguu ya kiti ilikwaruza sakafu. "Samahani, haiwezekani hilo toroli likakaa nje?"

"Linakusumbua?"

"Chumba ni kidogo."

"Kinatosha. Mama Povu alipokupigia simu kuhusu taulo, alikuambia nini?"

"Sikumbuki simu."

"Kampuni ya simu inaikumbuka. Chukua muda wako."

Inspekta aliinuka, akafunga dirisha. Akarudi, akaketi, akafungua kurasa, akasoma kimya kama mtu aliye peke yake maktabani. Mkuu wa kituo alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama mgeni, na hakuitazama tena saa. Jasho lilikuwa linashuka kwenye kola ya Meneja. Alikuwa amesogeza kiti mpaka mgongo umegusa ukuta, na mkoba alikuwa ameushika mbele ya kifua.

"Hizo zimekunjwa lini?" aliuliza.

"Mbona? Ni taulo tu."

"Nimeuliza zimekunjwa lini!"

"Punguza sauti," alisema Mkuu wa kituo.

"Zilikuwa za moto bado," Inspekta alisema, "wakazikunja hivyo hivyo. Zinauma vidole. Sasa, turudi kwenye ule mchango wa matangazo. Mama Povu anadai hajawahi kuliona tangazo lenyewe..."

"Zitandazeni!" Meneja alikuwa amesimama. "Mko wazima nyie? Hamuwezi kuzishindilia hivyo zikiwa na mafuta, mnazifungia dirisha! Zitandazeni zipoe, zitawaka! Zinawaka zenyewe katikati, huoni kitu mpaka..."

Mdomo ulibaki wazi.

Mkuu wa kituo aliinuka taratibu. Alilisogelea toroli, akatumbukiza mkono katikati ya taulo mpaka kwenye kiwiko, akautoa na taulo moja. Ilikuwa baridi. Kona yake ilikuwa na kikaratasi cha bei cha duka la vitambaa.

"Hazijawahi kuguswa na maji," Inspekta alisema. "Ulituambia petroli. Ulikuja kwa miguu yako, hujaitwa, ukatuonyesha dumu lililojaa. Ulijua chanzo kabla zimamoto hawajakunja mpira wao."

"Ninataka wakili."

"Utampata. Yule mama alikupigia simu akakuambia zina joto katikati. Ulikuwa umeshapaka rangi juu ya moto wa kwanza. Neno moja tu lilitosha, tandaza. Mwenzake ulimpa neno hilo. Yeye ulimnyima kwa nini?"

Meneja aliketi. Sauti ilimtoka nyembamba. "Yeye alikuwa anaandika barua za malalamiko kwa makao makuu. Angeliandika na hilo. Nilitaka kwanza asaini, halafu ningemwambia. Mkataba mpya una kifungu, aliyesaini hawezi kutudai kwa jambo la nyuma. Ilibaki kidogo tu asaini."

Mkuu wa kituo alilikunja jalada lililokuwa mezani, lile lenye jina la Mama Povu, akaliweka chini ya kwapa.

"Inspekta," alisema. Hakusema binti. "Kamtoe mama wa watu."

Kaunta ilikuwa na zamu ya kawaida, simu inaita, mtu anadai kitambulisho chake. Mama Povu alitoka kwenye korido akijifunga kitambaa kichwani, na akamkuta Meneja amesimama peku mbele ya askari wa zamu, anavua mkanda, tai imeshawekwa kwenye bahasha. Askari alikuwa anamwandika.

Mwanamke yule alisimama mbele yake. Inspekta alisogea karibu, tayari kumzuia mkono. Haukuinuka.

"Ule mkataba wako," Mama Povu alisema, kila neno peke yake. "Sisaini."

Kisha akamgeukia Inspekta. "Chumba cha maiti wanafunga saa ngapi?"

"Tutawahi. Gari iko nje."

"Na kwangu utaingia na mimi," alisema Mama Povu, akianza kutembea. "Utasimama mbele ya shangazi yangu na hizo nguo zako za serikali, umwambie yeye kwanza. Wengine watasikia."